Punguzo kwa Makundi Yenye Msiba

Haya yalitokea katika nchi ambayo si yako, ndugu msomaji, kwa hiyo usigeukegeuke kuangalia nani anakuona ukisoma. Jina la nchi hiyo silitaji. Kulitaja bila kusimama wima ni kosa, nami naandika nimekaa.

Nchi hiyo ilikuwa na lami. Nalisema hili mapema kwa sababu walikuwepo wazushi waliodai haina. Lami ilikuwepo, nyeusi na laini, ila yote ilikuwa mahali pamoja. Rais wa nchi rafiki alipotaka kututembelea, zilifika habari kwamba anapenda pikipiki. Serikali kwa ukarimu wake ikachukua lami iliyotengwa kwa ajili ya barabara za mikoa yote, ikajenga uwanja wa mbio za pikipiki, mviringo mmoja mkubwa kuzunguka kilima cha mji mkuu. Mgeni akaja, akaumwa tumbo, akarudi kwao bila kuuona. Uwanja ukabaki, na juu ya kilima, katikati ya ule mviringo, ikabaki Hospitali Kuu ya Taifa. Mhandisi alikuwa ameisahau, kwa kuwa kwenye ramani yake kilima kilipakwa rangi ya kijani tu.

Basi hospitali ikawa imekaa ndani ya uwanja kama yai ndani ya kiota. Kukatiza lami kwa miguu kulikatazwa kwa usalama wa watembea kwa miguu. Magari yalikatazwa kwa usalama wa lami. Kilichobaki ni pikipiki, na uwanja ulikuwa umekabidhiwa Klabu ya Taifa ya Waendesha Pikipiki wa Uwanjani, yaani watoto wa wakubwa, pamoja na wakubwa wenyewe siku wanapojisikia watoto. Klabu ilitoza kiingilio. Ilitoza na kitokeo pia, maana aliyeingia ipo siku atataka kutoka.

Jambo jingine dogo: mzunguko ulikwenda upande mmoja tu. Ukishaingia getini, geti la hospitali unaliona hapo hapo mkono wa kushoto, unasikia hata harufu ya dawa ya kupigia deki. Lakini mbio zilikwenda kulia. Kwa hiyo mgonjwa alizungushwa kilima kizima, akapitishwa kwenye jukwaa la wageni, kwenye bwawa la kuogelea la klabu, na kwenye gari la wagonjwa lililoegeshwa pale kwa ajili ya wanamichezo, ndipo afike mahali alipokwisha kupaona. Klabu ilieleza kuwa hiyo ni huduma ya ziada, mgonjwa anapunga upepo.

*

Kiingilio cha mtu mmoja kilikuwa kikubwa kuliko anachopata mwendesha bodaboda kama mimi msimu mzima wa mavuno. Watu wakanung'unika, kwa adabu. Wakauliza kama klabu haiwezi kutoa punguzo kwa wanaokuja kwa makundi, ili mtaa ukichangishana uweze kumpeleka mgonjwa wake.

Klabu ililichukua swali hilo kwa uzito mkubwa. Kamati ikasafiri kwenda ng'ambo kuyaona makundi yalivyo. Iliporudi ikakaa kikao, na kikao kikaahirishwa mara nyingi kwa sababu wajumbe walipofika wote walionekana kuwa kundi. Mwishowe mwenyekiti wa klabu, Kanali mstaafu Tindwa, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuamrisha hata chumvi mezani, akatoa hotuba iliyorushwa na Redio ya Taifa.

"Ndugu wajumbe," alisema, "punguzo halina ubaya. Ubaya uko kwenye kundi. Ukimpunguzia mtu bei kwa sababu amekuja na wenzake, umemfundisha nini? Umemfundisha kwamba wenzake wana faida. Leo watakuja pamoja kupunguziwa kiingilio. Kesho watakuja pamoja kuuliza kiingilio ni cha nini."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa hofu. Lazima ujue kwamba nchini humo watu hawakuruhusiwa kusimama pamoja bila kibali. Mama mwenye mapacha alitembea na kibali chake kwenye pindo la khanga. Mikusanyiko miwili tu ndiyo haikuhitaji ruhusa, kumpokea kiongozi na kuzika. Hapo ndipo Kanali alipopata ufumbuzi.

"Kundi lenye msiba halina madai," alisema. "Linalia tu, na kilio hakina siasa. Hao tuwape punguzo."

Wakampigia makofi mpaka wengine wakatokwa na machozi. Kesho yake likawekwa bango getini: PUNGUZO KWA MAKUNDI YENYE MSIBA. MAITI AWEPO. KARIBUNI NYOTE.

Kwa hiyo ukiwa hai na unaumwa, unalipa bei kamili kwenda hospitali. Ukishakufa, unapelekwa kwa nafuu. Mimi sikuona kasoro yoyote, na nadhani hata wewe huioni.

*

Kijiweni kwetu alikuwepo Luhende, kijana mpole aliyeendesha guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mchanga. Mkewe Nyamizi aliuza uji hapo hapo kijiweni. Alikuwa na ulimi wa moto, na hakuna dereva ambaye hakuwahi kuchomwa nao, lakini ukiwa huna kitu alikumiminia uji wako na kukwambia uache kumtolea macho. Sote tulimwita shemeji. Tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa, na tulikwisha kugombana mtoto aitwe nani.

Asubuhi moja uchungu ukamshika mbele ya sufuria. Tukamkimbiza kwa mkunga wa zahanati ya mtaa. Mkunga akampapasa, akanawa mikono, akatuita nje.

"Mtoto amekaa kukingama," alisema. "Huyu ni wa kupasuliwa, tena leo hii. Akifika kilimani mapema watapona wote wawili. Mkisubiri, sitaki mje kuniuliza kitu."

Tukamrudisha Nyamizi kijiweni, kisha tukaenda getini kundi zima, mbele Luhende, mimi na Shomvi, mwenyekiti wa kijiwe. Mlinzi wa geti aliitwa Bwana Pembe. Siku hiyo alivaa tai, na geti lilikuwa limepambwa kwa maputo meupe na meusi.

"Tuna mgonjwa wa kujifungua," Luhende akasema.

"Mgonjwa ni mtu mmoja. Bei ya mtu mmoja ni ile pale juu."

"Tunaomba lile punguzo, kaka. Tumekuja kijiwe kizima."

Bwana Pembe akatazama nyuma yetu. "Mna maiti?"

"Hatuna. Mgonjwa ndiye tunayemwahi asije akafa."

"Basi nyie si kundi. Nyie ni mkusanyiko." Akashusha sauti, kwa huruma kabisa. "Nendeni zenu, jamani. Leo Mheshimiwa Waziri anakuja kuzindua punguzo, na tangu juzi hajatokea msiba hata mmoja. Kanali ana hasira, anasema wananchi wanatuhujumu."

*

Lazima nikueleze kuhusu jeneza. Barabara zetu zilipopokonywa lami yalibaki mashimo, na mashimo yale yalitumaliza mmoja mmoja. Kwa hiyo kila kijiwe kilikuwa na jeneza lake la akiba, kama wenye magari walivyo na tairi la akiba. La kwetu lilisimamishwa nyuma ya banda la uji, na Nyamizi alikuwa akianika vitambaa vyake juu yake. Mwenzetu akifa tulimlaza humo, tukafunga matawi ya mwarobaini mbele ya taa za pikipiki, tukamsindikiza kwa honi mpaka kaburini. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, na mji mzima ulitujua kwa huo.

Tuliporudi tukamkuta Nyamizi amekaa chini, ameegemea jeneza hilo hilo, jasho linamchuruzika. Shomvi akamweleza tulivyojibiwa. Luhende aliinama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Bango linasemaje?" Nyamizi akauliza.

"Maiti awepo."

Akauma meno uchungu upite. Halafu akagonga jeneza kwa kiganja.

"Nilazeni humu."

"Nyamizi, acha uchuro," Luhende akasema.

"Uchuro ni kubaki hapa. Nikibaki hapa nitalala humu kesho, na honi mtanipigia, na punguzo mtapewa. Bora nilale leo wakati najua njia." Akatutazama sote. "Shemeji zangu, mmepooza? Toboeni matundu ya hewa, tuondoke."

Shomvi akatoboa matundu kwa msumari wa moto. Tukatandika magodoro ya viti vya pikipiki zetu, tukamlaza, tukampa khanga ya kung'ata. Luhende akainua kifuniko. Nyamizi akamshika kidole.

"Endesha polepole kwenye mashimo," akamwambia. "Ukifika kwenye lami, usiniangushe."

*

Honi zetu zilisikika mbali. Bwana Pembe alipotuona, na matawi, na guta, na jeneza, uso ukamng'aa, kisha akakumbuka akaukunja.

"Mna maiti?"

"Tunaye," Shomvi akasema.

"Poleni sana. Karibuni sana. Mmetuokoa." Akatukatia tiketi ya kundi, akavua kofia, akafungua geti. Kushoto kwetu hospitali ilikuwa hapo, dirisha moja lilikuwa wazi na nesi alikuwa anakung'uta shuka. Sisi tukapinda kulia.

Nakiri lami ile ilikuwa tamu. Guta lilikwenda bila kutikisika, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Luhende akageuka kunitazama kama mtu anayeanza kuamini. Tukapita nusu ya kilima. Ndipo tukafika kwenye jukwaa la wageni.

Jukwaani alikaa Mheshimiwa Kingwande, Waziri wa Michezo, Misiba na Mikusanyiko. Alikuwa amesubiri msiba tangu saa za chai. Nchini humo hakuna kiongozi aliyeweza kuona jeneza likapita bila kulihutubia. Ilikuwa maradhi yao, na wananchi walikwisha kuzoea kuzika jioni wale waliopaswa kuzikwa mchana. Polisi wakatusimamisha. Bendi ikapiga. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba mnufaika wa kwanza wa punguzo amewasili.

Mheshimiwa akashuka na kipaza sauti, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Ndugu wafiwa," alianza, "marehemu nilimfahamu."

Hakutuuliza kama marehemu ni mwanamume au mwanamke.

"Alikuwa mzalendo. Hakuwahi kulalamika. Angekuwa hai leo angewaambia, jamani, tumetoka mbali. Zamani mtu alikufa akazikwa hivi hivi, kwa bei kamili. Leo anakufa kwa unafuu. Wenzetu wa nchi jirani wanatuonea wivu. Wao wana barabara, wana zahanati, lakini niambieni, wana punguzo?"

Kanali Tindwa akapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu na jeneza, nikasikia kucha zinakwaruza mbao. Luhende akasogea mbele, akainama kwa heshima.

"Mheshimiwa, shikamoo. Tunaomba ruhusa, tunachelewa."

"Marahaba. Unachelewa wapi, kijana? Marehemu hana haraka." Watu jukwaani wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. "Nimesema hana haraka. Hii ndiyo sifa moja ya marehemu ambayo ninyi vijana mnapaswa kuiga."

Akaendelea. Akasimulia utoto wake. Akasimulia safari ya kamati kwenda ng'ambo, na hali ya hewa ya huko, na chakula cha huko. Jua likapanda likatukaa utosini. Polisi walisimama kati yetu na pikipiki zetu, bunduki mikononi, nyuso kavu. Nikamwona Shomvi, mtu mzima, anang'ata mdomo mpaka unatoka damu. Nilimchukia waziri yule. Nasema hivi bila utani wowote: nilitamani lami impasukie chini ya miguu.

Halafu akasema, "Sasa nitatoa heshima za mwisho."

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Sisi tuliolisindikiza jeneza lile mara zote hizo tulisahau kwamba maiti huagwa. Kabla Luhende hajafika, wasaidizi walikwisha kufunua kifuniko cha upande wa kichwa, na Mheshimiwa Kingwande akainama, kamera zikiwa nyuma yake.

Nyamizi alikuwa amefumbua macho. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Akaitoa khanga mdomoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema polepole. "Mtoto amekwama. Naomba upunguze hotuba."

"Marahaba," Mheshimiwa akajibu, kwa mazoea.

Wakatazamana. Kamera zilikuwa zinamwonyesha mgongo tu. Nilimwona usoni, na sitausahau uso ule mpaka nife, kwa punguzo au bila punguzo. Haukuwa uso wa mtu aliyeshtuka. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu: redio iko hewani, uzinduzi umeshatangazwa, na aliye ndani ya jeneza ameshaitwa marehemu na waziri. Akasimama wima. Akarudisha kifuniko kwa mikono yake mwenyewe, akakigonga kidogo kikae sawa.

"Nimemwona," aliwaambia wananchi. "Amepumzika kwa amani."

Mtangazaji wa redio, aliyekuwa amelisikia lile "marahaba", akawaeleza wasikilizaji kwamba unyenyekevu wa Mheshimiwa umefikia kiwango cha kuitikia salamu za waliotangulia.

"Yu hai," Luhende akasema. "Mke wangu yu hai."

"Huzuni," Kanali Tindwa akawaambia polisi, na wakamshika mabega, kwa upole, kama anavyoshikwa mfiwa.

Mheshimiwa akaanza sehemu ya pili ya hotuba.

*

Alipomaliza, aliamuru marehemu azungushwe uwanja kwa heshima mpaka jua litue, ving'ora mbele, mwendo wa mazishi. Luhende akaachiwa kwa sababu guta halikuwa na dereva mwingine. Tukaenda taratibu nyuma ya king'ora, yeye amekunja uso, haangalii kushoto wala kulia. Geti la hospitali lilipotokea akakata kona ghafla, akalivaa. Sisi sote tukamfuata, kijiwe kizima, honi hatukupiga.

Mlinzi wa hospitali akanyoosha mkono. "Maiti huingilia nyuma."

Shomvi akakipiga teke kifuniko kikaruka. Daktari Akwilina, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza redio ya mapokezi, ambayo bado ilikuwa inarudia hotuba. Akatazama ndani ya jeneza mara moja.

"Huyu anapumua. Leteni kitanda," akasema, na hakuuliza tiketi.

Tulikaa ukumbini. Mheshimiwa Kingwande aliendelea kusifiwa ukutani, na hakuna aliyejua kitufe cha kuzimia redio kiko wapi. Baadaye tukasikia mtoto analia. Shomvi akanikumbatia. Luhende alisimama, akangoja.

Daktari akatoka, akavua miwani.

"Mtoto wa kike, mzima," alisema. "Mama amepoteza damu nyingi. Nimejitahidi, baba." Akaitazama redio. "Mngenifikia adhuhuri ningemwokoa."

Luhende akaketi sakafuni. Hakulia. Akasema tu, "Adhuhuri tulikuwa jukwaani." Akalirudia, kama mtu anayejaribu kulifahamu.

Wakati huo Kanali Tindwa akaingia na polisi wake, amefura. Alikuja kutukamata kwa kumwingiza mtu hai uwanjani kwa bei ya maiti, kosa ambalo, alisema, lingeiua klabu. Daktari Akwilina akamwambia kwa maneno machache kwamba Nyamizi amefariki.

Kanali akashusha mabega. Akatoa kitambaa, akajipangusa jasho.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi hakuna tatizo," alisema. "Punguzo lilikuwa halali." Akampa Luhende mkono wa pole, na Luhende akautazama ule mkono mpaka mwenyewe akaurudisha mfukoni. Jioni redio ilieleza kuwa Mheshimiwa hakusema uongo hata kidogo, ila aliwahi.

*

Tulimrudisha Nyamizi kwenye jeneza lile lile, juu ya magodoro yale yale. Khanga yake ya kung'ata tulimfunikia mtoto. Luhende alikuwa amempakata kifuani, akaendesha guta kwa mkono mmoja. Tukafika getini kulipa kitokeo.

Bwana Pembe alikuwa anashusha maputo. Hakuwa amesikia kitu, au alikuwa amesikia yale ya redioni. Akatazama matawi yetu yaliyonyauka, akatazama kundi zima lililosimama kimya, akachukua kitabu chake cha tiketi.

"Mna maiti?" akauliza.

Luhende akamvuta mtoto karibu.

"Sasa tunaye," akasema.

Akatukatia tiketi ya kundi.